Mwembe uliofukiwa na kifusi: upepo wa kompresa unafunua nini, na hauwezi nini

*"Salaam mtaalamu. Tuna mwembe dodo hapa Tudor, Mombasa, mkubwa. Nikizungusha tepu kwenye shina napata mita 2.2. Miaka mitatu iliyopita tuliinua uwanja kwa kifusi kiasi cha sentimita 40 ili maji ya mvua yasiingie ndani, kisha tukatandika kabro (matofali ya zege ya uwanjani) mpaka kwenye shina. Mwaka wa kwanza mti haukuonyesha lolote. Mwaka wa pili ulizaa mno, kupita kawaida yake. Sasa matawi ya juu yanakauka ncha, majani yanatoka madogo na kichwa cha mti kimekuwa chepesi, jua linapenya. Jamaa mmoja ameniambia siku hizi mizizi huchimbuliwa kwa upepo wa kompresa bila kukatwa. Jirani yangu anayeziba pancha yuko tayari kuniazima kompresa yake. Je, ni kweli upepo haukati mizizi? Kompresa hiyo yatosha? Mti utapona, au niukate kabla haujaangukia nyumba? Tena kuna fundi anasema nikate mizizi yote ya upande wa kusini, kwa kuwa tangi la maji la chini liko huko, mita tatu kutoka shinani, na mizizi itapasua ukuta wake."*

Aleikum salaam. Umenipa vipimo, na vipimo vimenirahisishia kazi. Nikujibu kwa ufupi kwanza. Upepo haukati mizizi minene ukitumiwa na anayeujua, ingawa mizizi laini huumia kidogo. Kompresa ya pancha haitoshi, hata zikiunganishwa mbili. Mti una nafasi nzuri ya kupona iwapo kitako chake hakijaoza, na jambo hilo hatulijui mpaka kitako kifunuliwe. Mizizi ya upande wa tangi isiguswe kwa sasa, wala fundi asianze kuikata huku wewe unasubiri mashine.

Mlolongo wa dalili zako unaeleza mengi. Mti mkubwa una akiba ya wanga kwenye shina na mizizi, kwa hiyo unaweza kukatiwa pumzi leo ukaendelea kupendeza mwaka mzima. Baada ya hapo miembe mingi iliyo taabani huzaa kwa wingi usio wa kawaida, na wenyewe hufurahi wakidhani kabro imeufaa mti. Kisha akiba huisha. Ncha za juu, zilizo mbali zaidi na maji, ndizo hukauka mwanzo. Kwa kawaida watu huanza kutafuta dawa ya kupulizia wakati huo, ilhali kilichoudhuru mti kilifanyika miaka miwili au mitatu nyuma, tena chini ya miguu yao.

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni saa zote ili ivute maji na madini, na oksijeni hiyo huingia ardhini kupitia matundu madogo yaliyo kati ya chembe za udongo. Watu wengi huamini kwamba mizizi ya mti huenda chini kwa urefu ule ule wa mti ulivyo juu. Sivyo ilivyo. Mwembe una mzizi mkuu unaoshuka, na palipo na nyufa kwenye jiwe la matumbawe huweza kushuka sana, lakini mizizi laini inayoulisha imejaa kwenye nusu mita ya juu, na huenea hadi nje ya kivuli cha matawi. Kisiwani hali ni finyu zaidi, kwa sababu chini ya udongo kuna mwamba wa matumbawe, mahali pengine sentimita 30 tu kutoka juu. Mwembe wako ulikuwa unakula kwenye tabaka hilo jembamba, nanyi mkaliwekea juu yake sentimita 40 za kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine, na kabro juu yake.

Tatizo la pili liko kwenye shina lenyewe, na mimi huliona ni baya kuliko la kwanza. Mti ulio sawa hutanuka unapokaribia ardhi, ukaonekana unagawanyika kuwa mizizi. Hapo ndipo nitapaita kitako. Wako, kwa maelezo yako, unaingia ardhini kama mlingoti. Ganda la shina si ganda la mzizi. Limeumbwa kukauka na kupigwa na hewa. Likifukiwa kwenye unyevu hulainika, kuvu huingia, na mchwa hufuata. Ndani ya ganda kuna njia zinazoshusha sukari kutoka majanini, na ganda likioza kuzunguka shina sukari haifiki chini, mizizi hufa njaa hata kama udongo wake ni mzuri. Kwenye kifusi chenye unyevu pia shina huotesha mizizi mipya, na baadhi hujizungusha shinani. Mizizi hiyo ikinenepa, na shina nalo likinenepa, vinabanana, na mti hukabwa na mizizi yake wenyewe.

Sasa upepo. Kifaa chenyewe ni bomba lenye urefu wa mita moja na ushei, lina kifyatulio mkononi na nozeli mwishoni. Siri yote imo kwenye nozeli. Ndani imebana katikati halafu ikatanuka kuelekea nje, umbo ambalo Msweden Gustaf de Laval alilitumia kwenye mitambo ya mvuke mwishoni mwa karne ya 19. Hewa yenye presha ya psi 90 hadi 100, yaani baa 6 hadi 7, ikipita humo hutoka kwa kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde, kama mara moja na nusu ya kasi ya sauti, tena ikiwa mkondo mwembamba ulionyooka. Udongo umejaa matundu, kwa hiyo hewa huingia, hubanwa humo, kisha hutanuka ghafla na udongo hupasuka kutoka ndani. Mzizi hai, bomba la plastiki, waya uliofunikwa vizuri, vyote havina matundu ya kuingia hewa, basi mkondo hupita kando yake. Jembe halina uwezo huo wa kubagua, maana hukata chochote kilicho mbele yake.

Hata hivyo kusema "haukati" ni kutia chumvi. Nyuzi za mizizi zilizo nyembamba kuliko milimita mbili hivi huraruka nyingi. Ukiishikilia nozeli mahali pamoja karibu na mzizi, ganda hubanduka, hasa msimu wa mvua mti unapokua kwa kasi na ganda limelegea. Mbuyu, wenye ganda laini na mizizi iliyojaa maji, hauvumilii mchezo huo. Mnazi nao hauna haja ya kazi hii kabisa, kwani hauna kitako cha namna hii, mizizi yake huchipuka upya kila wakati kutoka chini ya shina, na haukabwi na mizizi kama mwembe au mwarobaini unavyokabwa. Akija mtu kukuuzia huduma ya kufunua kitako cha mnazi, mshukuru na umsindikize hadi mlangoni.

Turudi kwa jirani yako wa pancha. Kompresa ya farasi 2 au 3 hutoa hewa lita 200 hadi 300 kwa dakika. Bomba la kuchimbia linataka lita 4,000 na zaidi kwa dakika, sawa na futi za ujazo 150. Kipimo cha presha kwenye kompresa ya pancha kitakuonyesha baa 8 na utadhani mambo yamekaa sawa, lakini presha na wingi wa hewa ni vitu viwili. Tangi la lita 100 lililojaa baa 8 litashuka hadi baa 6 kwa muda wa sekunde tatu hivi, kisha utasubiri dakika nzima lijae tena. Na ile bunduki ndogo ya kupulizia vumbi kwenye injini ina tundu lililonyooka. Hewa yake hutawanyika mara inapotoka, hupeperusha vumbi la juu tu, na mtu hushawishika kuisogeza karibu na uso wake ili aone inafanya nini. Hapo ndipo macho hupotea.

Mashine inayofaa ni kompresa ya dizeli inayovutwa na gari, ile ya futi za ujazo 185 kwa dakika inayotumiwa na wapasua barabara na wachimba visima. Hizo zinakodishwa hapa Mombasa. Hunywa lita 8 hadi 12 za dizeli kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu. Mpira wa hewa uwe na upana wa robo tatu inchi au zaidi, na usiwe mrefu bila sababu, kwa kuwa kila mita inakula presha. Kikwazo si kompresa, ni bomba lenye nozeli sahihi na mtu aliyezoea kulitumia. Ukikuta kompresa bila nozeli, au nozeli ya kujichongea kwenye karakana, bado hujapata kifaa.

Kabla ya kutafuta mashine jiulize kama unaihitaji. Kwa kufunua kitako cha mti mmoja, mwiko wa mwashi, kijiti cha mianzi na brashi ngumu hufanya kazi ile ile polepole. Vibarua wawili wenye subira watakifikia kitako kwa siku mbili, na ukiwasimamia hawatachubua ganda. Maji ya mashine ya kuoshea magari yapo pia, lakini hugeuza kifusi kuwa tope usiloweza kuona kitu ndani yake, na presha yake hubandua ganda haraka kuliko upepo. Upepo hushinda pale eneo linapokuwa kubwa, mizizi inapokuwa imesongamana na kifusi, au unapotaka kufungua udongo ulioshindiliwa bila kujua mizizi imepita wapi. Kwa mti wako ningechanganya: mkono kwa sehemu kubwa, upepo mwishoni.

Sababu ya kuchanganya ni hii. Upepo hulegeza tu, hauondoi. Ukifungua duara la mita tatu kutoka shinani kwa kina cha sentimita 40, una mita za ujazo 11 za kifusi, lori mbili au tatu za tani saba. Kukodi kompresa ya dizeli ili kusukuma vipande vya tofali na zege ni kuchoma mafuta bure. Ng'oa kabro kwa mkono katika duara hilo, halafu sepetu itoe sentimita 25 za juu. Hapo simama. Sentimita 15 za mwisho ndizo zenye hatari, kwa kuwa miaka mitatu inatosha mizizi laini kupanda kutafuta hewa ndani ya kifusi, na chini yake kuna udongo wa zamani ambao ndio uhai wa mti. Hizo ndizo za upepo.

Wakati mzuri kwetu ni Juni hadi Agosti. Mvua za masika zimepungua, udongo una unyevu, jua si kali. Mei udongo ni tope: hewa haipasui, inarusha matope ukutani, na unarudi kushindilia kwa miguu ulichotaka kufungua. Januari hadi Machi udongo umekauka kama umechomwa, vumbi ni jingi, na mzizi uliofunuliwa hunyauka mbele ya macho yako. Ikibidi ufanye wakati wa ukavu, lowesha eneo siku mbili kabla, kisha ushike konzi ya udongo: ukikamata bila kutoa maji, uko tayari. Angalia unalowesha kwa maji gani. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na mwembe hauipendi chumvi. Tumia maji ya mfereji, ya bauza au ya mvua uliyokinga.

Kabla nozeli haijawashwa, ujue kilicho chini. Tafuta njia ya maji ya mfereji, nyaya za umeme, bomba la maji machafu na hasa mahali shimo la choo lilipo. Nyumba nyingi za mjini zina shimo la zamani lililofunikwa na kusahauliwa, na kingo zake hubomoka. Waya uliochunika hautasamehe kwa sababu umetumia upepo, kwa hiyo zima umeme wa njia hiyo. Ukiona kwenye kifusi vipande vya bati la asbesto la paa za zamani, simamisha kila kitu. Upepo utavigeuza kuwa vumbi litakalovutwa na familia nzima.

Zungusha eneo kwa mbao za plaiwudi au turubai zito lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, kwa kuwa vijiwe vya matumbawe huruka kwa nguvu ya kuvunja kioo cha gari. Funga madirisha, mwambie jirani aanue nguo. Anayeshika bomba avae miwani iliyozibwa pande zote na ngao ya uso juu yake, kinga ya masikio, barakoa ya kuchuja vumbi la saruji (kitambaa hakitoshi), glavu na buti. Viungo vya mpira wa hewa vifungwe kwa waya wa usalama, maana kiungo kikichomoka mpira hucharaza ovyo. Na iwe marufuku mtu kujipuliza vumbi nguoni kwa bomba hilo. Hewa ya presha ile ikiingia kwenye kidonda au jicho hupenya chini ya ngozi na inaweza kuua. Vijana hupenda mzaha huo. Mwenye mzaha aondoke uwanjani.

Kazi yenyewe huanzia shinani kwenda nje. Nozeli ilale kwa pembe, isielekezwe wima kwenye ganda, na iwe inatembea muda wote. Udongo uliolegea utolewe kwa mkono au sepetu dogo la plastiki. Kila sehemu iliyofunuka ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na magunia yenyewe yaloweshwe tena kila yanapoanza kukauka. Kwa jua letu, mzizi mwembamba ulioachwa wazi nusu saa adhuhuri ni mzizi uliopotea. Usifungue eneo ambalo huwezi kulifunika jioni ile ile.

Utakapofika kwenye kitako, utakuta mambo matatu kwa viwango mbalimbali. La kwanza ni mizizi midogo iliyochipuka shinani ndani ya kifusi. Iliyo nyembamba kuliko kidole kata, kwa mkasi mkali, sambamba na shina. Ikiwa ni mingi na minene, na ile ya zamani chini inaonekana myeusi na imekufa, usikate: huenda hiyo mipya ndiyo inayoushikilia mti hai, na itapunguzwa kidogo kidogo kwa misimu miwili au mitatu.

La pili ni mzizi uliozunguka shina. Hapa watu huwa na pupa. Mzizi wenye unene usiozidi theluthi ya shina, unaobana na bado haujaungana nalo, hukatwa kwa msumeno mdogo au patasi, na kipande kinachobana huondolewa bila kulijeruhi ganda la chini yake. Mizizi miwili kwa mara moja yatosha kwa mti uliodhoofika. Mingine msimu ujao. Ikiwa mzizi umekwisha kuzama ndani ya shina na maganda yameungana, uache. Kuuchomoa kutafungua jeraha kubwa kuliko madhara yake. Usipake lami, rangi wala chokaa kwenye mikato. Kidonda cha mti hujifunga chenyewe kikipata hewa, na chokaa inayopakwa kwenye mashina barabarani ni pambo tu.

La tatu ni kuoza. Gusa ganda la kitako kwa ncha ya bisibisi bila kusukuma sana. Ganda zima ni gumu, na ukikwaruza kidogo chini yake utaona rangi hai yenye unyevu. Ganda lililokufa huingia, ni la kahawia, lina harufu ya uvundo. Pima kwa tepu ni sehemu gani ya mzingo wa sentimita 220 imekufa. Ikiwa chini ya robo, mti una uwezo wa kuziba. Ikikaribia nusu, usiendelee na hatua zozote kabla hajaja mtu wa kuupima mti kwa macho yake.

Na kuna hali ambazo hata kuanza usianze mpaka apatikane mtu huyo. Uyoga mgumu uliotokeza ubavuni mwa shina karibu na ardhi, shina linalolia tupu ukiligonga kwa nyundo ya mbao, ardhi iliyoinuka au kupasuka upande mmoja, mti ulioanza kulalia nyumba mwaka huu. Kwenye hali kama hizo kifusi chenyewe huenda kinasaidia kuushikilia mti, na ukikiondoa unaondoa egemeo. Ofisi za Huduma ya Misitu na za kilimo za kaunti ni mahali pa kuanzia kuulizia anayeweza kuja. Kwa kupima udongo na magonjwa ya mwembe, kituo cha KALRO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo) cha Mtwapa ni karibu. Mti ukiwa umesimama nje ya ua wako, kwenye hifadhi ya barabara, omba ruhusa ya kaunti au ya mamlaka ya barabara hiyo kabla ya kuchimba.

Tuseme kitako ni kizima. Kisifukiwe tena. Kinabaki wazi, na udongo wa zamani ndio usawa mpya katika duara lile la mita tatu. Ukingoni, pale kifusi kinapobaki, panga mawe ya matumbawe bila saruji ili hewa na maji yapite kati yake. Sasa una bonde la sentimita 40 kwenye uwanja ambao uliinuliwa ili kukimbia maji. Hili ni tatizo la kweli, na wanaofanya kazi hii kwa pupa huliacha kwa mwenye nyumba. Chimba shimo la kawaida la sentimita 30 ndani ya duara, mbali na mizizi minene, lijaze maji mara mbili. Mara ya pili yakiisha ndani ya saa chache, matumbawe yako yanameza vizuri. Yakikaa mpaka kesho yake, weka bomba la kutolea maji kuelekea sehemu ya chini ya uwanja, na geuza mwinamo wa kabro iliyobaki ili maji ya paa na uwanja yasielekee kwenye mti. Maji yasituame siku nyingi, yataoza kitako na kufuga mbu, na mji huu unaijua dengi vya kutosha.

Nje ya duara hilo, ambako kabro itabaki, upepo una kazi yake ya pili. Choma nondo ya milimita 10 ardhini siku udongo una unyevu. Ikikataa kwenye sentimita 10 au 15, mizizi nayo inakataliwa. Hapo hufunguliwa mitaro sita au minane inayotoka kwenye duara kwenda nje hadi ukingo wa kivuli, upana wa sentimita 25, kina cha kufikia udongo wa zamani. Mizizi inayopita kwenye mtaro huachwa ikining'inia, haikatwi. Kisha hujazwa udongo ule ule, vipande vya zege vikiwa vimechaguliwa na kutupwa, ukichanganywa na mboji kiasi cha robo. Mboji iliyoiva, si samadi mbichi ya mbuzi inayounguza mizizi. Usitie mchanga wa pwani hata ukiletewa bure. Juu ya mitaro, badala ya kabro, unaweza kuweka matofali ya zege yenye matundu, au kuiacha bila kabro na kuitandazia matandazo.

Ndani ya duara tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 20 bila kitu kuzunguka shina, mchwa wasipate daraja.

Kuna ambalo upepo hauliponyi. Kifusi cha saruji na matumbawe huongeza chokaa kwenye udongo ambao tangu asili una chokaa, na mwembe hushindwa kuvuta chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona hivyo, hata mizizi ikipumua vizuri bado mti utahitaji chuma cha aina ya EDDHA kinachowekwa ardhini. Chuma cha kawaida hugandishwa na chokaa kabla mti haujaonja. Majani yakiungua kingo na ncha tu, shuku chumvi ya kisima. Mbolea ya naitrojeni iache kwa mwaka huu. Itausukuma mti kutoa majani ambayo mizizi yake haiwezi kuyanywesha. Kata matawi yaliyokwisha kufa peke yake. Tawi lenye majani, hata likiwa dhaifu, linalisha mizizi.

Kuhusu tangi. Mzizi huinua kabro na huangusha ukuta mwepesi wa ua, lakini ni nadra kupasua zege zima la tangi. Huufuata ufa uliokwisha kuvuja, ukaingia na kuupanua. Basi jaza tangi, lifunge lisitumike saa 24, upime maji yameshuka kiasi gani. Yakishuka, ufa upo tayari, na hata ukikata mizizi yote ufa utabaki. Utengenezwe kutoka ndani. Yasiposhuka, mwambie mwenye mashine afungue mtaro mmoja kando ya ukuta wa tangi, uone kama kuna mzizi wowote uliougusa. Huenda usikute hata mmoja. Fundi wako amependekeza kukata upande mzima kwa mita tatu kutoka kwenye shina lenye kipenyo cha sentimita 70. Mikato iliyo ndani ya mara tatu ya kipenyo hugusa nanga za mti, na hadi mara tano, mita tatu na nusu, bado ni hatari kwa mti uliodhoofika. Isitoshe ni upande wa kusini, unakotoka upepo wa kusi wenye nguvu, na mizizi ya upande huo ndiyo huvutwa mti unaposukumwa kuelekea nyumba yako. Ukiikata, hofu uliyoniandikia ya mti kuangukia nyumba utakuwa umeitengeneza mwenyewe.

Baada ya kazi, miezi ya ukavu upe mti maji ya kuzama kila siku kumi: lita 600 hadi 1,000, yaani karibu tangi jeusi moja, yakimiminwa polepole kwenye duara na mitaro, mbali na kitako. Usitarajie mabadiliko mwezi ule. Msimu wa kwanza mti hujenga mizizi, na juu huenda ncha chache zaidi zikakauka. Msimu wa pili tazama ukubwa wa majani mapya na urefu wa machipukizi, uyapige picha tawi lile lile kila Julai na kila Desemba, kwa kuwa jicho husahau. Ukiwa umepoteza chini ya theluthi ya kichwa cha mti sasa, ningejipa miaka mitatu bila wasiwasi. Ukiwa umepoteza zaidi ya nusu, na masika mawili yakapita bila majani ya ukubwa wa kawaida, mwite mkataji mwenye kamba na bima wakati matawi bado yana nguvu ya kumbeba anayepanda, kisha ng'oa kabro zaidi na upande mche mwingine mita chache kando, kitako chake kikiwa juu ya ardhi.